Picha za mavazi ya barabarani: je, mpiga picha aombe ruhusa kwanza?

Ndugu zangu wa Bukavu, kaka yetu aliyefungua mjadala huu amesema kwamba barabara ni ya wote, na kwamba anayetoka nyumbani akiwa amependeza hana sababu ya kukasirika akipigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Mimi ni fundi cherehani karibu na soko la Kadutu na sikubaliani naye, ingawa picha hizo hizo zinanilisha.

Zinanilisha kweli. Zamani mteja alikuja na kitenge chake cha yadi 6, akachagua mshono kwenye bango la mitindo lililobandikwa ukutani. Leo anafungua simu na kunionyesha msichana aliyekuwa akipita njiani Dakar au Kinshasa, nami najifunza mkato wa bega ambao hakuna aliyewahi kunifundisha. Mwezi uliopita mteja mmoja alinionyesha picha ya mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu: koti la kiume la chaguwa, yaani la mtumba, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, kola imebadilishwa kwa kipande cha kitenge cha buluu. Niliikuza picha kwa vidole viwili, nikaona uzi mwekundu chini ya kola, kwa kuwa siku ile uzi wa buluu ulikuwa umeniishia. Kola ile niliishona mimi. Nilipomwuliza yule mama, hakuwa na habari kabisa kwamba amepigwa picha.

Kaka yetu ametaja mfano wa mpiga picha Bill Cunningham, aliyezunguka New York kwa baiskeli miaka mingi akiwapiga picha wapita njia bila kuwasimamisha. Ni kweli, lakini picha zake zilitoka katika gazeti lenye ofisi na wahariri, mahali ambapo mwenye malalamiko angeweza kubisha hodi. Mimi namfuata mpiga picha Shoichi Aoki wa Tokyo, ambaye kuanzia 1997, katika jarida lake FRUiTS, aliwasimamisha vijana wa mtaa wa Harajuku, akaandika pia nguo walizovaa zimetoka wapi. Vijana wale wanamtazama mpiga picha machoni, na picha hazikupungua uzuri hata kidogo.

Tena nchi yetu ya Kongo ina Sheria ya Kidijitali ya Machi 2023, inayolinda taarifa binafsi za mtu. Nami sioni taarifa iliyo ya mtu binafsi kuliko uso wake.

Wapo wanaosema kwamba kuomba ruhusa kunaua uhai wa picha. Basi piga kwanza, kisha mfuate mwenyewe, mwonyeshe, na akikataa uifute mbele yake. Akikubali, mwulize nani aliyemshonea, ulitaje jina la fundi huyo naye akiridhia, maana wateja wangapi wametafuta mshono wasijue mlango wa kugonga!

Kaka, nijibu hili moja: yule mama wa sambaza akikujia na kuomba picha yake iondolewe, utaiondoaje katika simu za watu usiowajua?