Pamba ya ndani ya matairi chakavu, inafaa kazi gani?

Msaga_Tairi: Wakuu habari za saizi. Tuko Vingunguti tunasaga matairi chakavu, chenga za mpira zina wateja, waya tunauza skrepa, kinachonitesa ni ile pamba ya kijivu inayobaki, zile nyuzi za ndani ya tairi za gari ndogo. Nyepesi lakini inajaza nafasi balaa, viroba vimefika darini. Kuichoma sitaki, moshi unaenda moja kwa moja kwa majirani na kuna watoto pale. Jamaa mmoja anataka kununua ajazie mito. Kuna kazi nyingine?

Mama Tandika: Mito hapana kaka angu, nakuomba. Ile sio sufi, ina vumbi la mpira na vijiwaya, mtu alaze uso hapo usiku kucha? Halafu inashika moto haraka. Na nyie mnaosaga vaeni barakoa jamani.

Zege28: Hiyo nyingi ni polyesta na nailoni (tairi za malori ni waya karibu tupu ndo maana huko huipati). Ukiiweka kidogo kwenye zege inapunguza zile nyufa nyembamba zinazokuja zege likikauka siku za mwanzo, na jua letu hili unalijua. Watafiti wa chuo cha Sheffield, Uingereza waliijaribu kwa upande wa moto, maana zege likiungua mvuke ukikosa pa kutokea linapasuka na kubanduka, sasa nyuzi zikiyeyuka zinaacha vijinjia mvuke unapita. Ila haichukui nafasi ya nondo, na polyesta inaliwa polepole na ukali wa saruji, kwa hiyo anza na pevingi (vile vitofali vya kutandika chini uani), nguzo za nyumba ya mtu usiguse.

Mtu wa Lami: Hata kwenye lami ipo kazi. Ile lami yenye kokoto nyingi kubwa bitumeni (ile gundi nyeusi inayoshika kokoto) huwa inachuruzika ikiwa bado kwenye lori, kwa hiyo huwekwa nyuzi za kuishika. Polyesta inayeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi, lami inachanganywa chini ya 200, inavumilia.

Msaga_Tairi: Asanteni sana, wa mito nishamkatalia. Jana nimejaribu kwenye saruji na mchanga ikawa mabonge matupu.

Fundi Mbagala: Umemwaga yote kwa pamoja. Ichekeche kwanza chenga zitoke, ichambue kwa mkono kama sufi, nyunyizia kidogokidogo kwenye mchanga mkavu, saruji ifuate, maji mwisho kabisa. Toroli moja weka ya kujaa mkono tu. Halafu tufyatue sita zenye nyuzi na sita bila, tuzimwagilie, zikifika siku 28 tupeleke maabara zikavunjwe kwa mashine, maana kuangalia kwa macho hakutoshi kumuuzia mtu. Mashine ya pevingi ninayo, lete kiroba kimoja.

Msaga_Tairi: Jumamosi asubuhi niko hapo fundi, nakuja na viwili.