Ukumbi wa pamoja unataka kukatwa kwenye ramani: tuutetee au tuuache?

Tofali Moja (mwanzisha uzi)

Wakuu, naombeni ushauri, hasa kwa mliowahi kuishi au kujenga kwa mtindo huu.

Tuko familia 18. Tumechanga miaka minne kupitia ushirika wetu wa nyumba na kiwanja tumeshapata, ndani ya mji, karibu na usafiri. Ramani ina fleti 18 ndogo, na chini kuna ukumbi wenye jiko kubwa, chumba cha kufulia, vyumba viwili vya wageni na ua katikati. Juzi makadirio ya mkandarasi yametoka. Yamezidi fedha zetu kwa karibu moja ya tano. Kikaoni mwenzetu mmoja akachukua kalamu nyekundu, akakata ukumbi, jiko na vyumba vya wageni, na wengi wakakubali. Hoja yao ni kwamba ukumbini hakuna atakayelala.

Mimi niliingia kwenye ushirika huu kwa sababu ya ule ukumbi. Naishi na mama yangu, na sisi tukitoka asubuhi anabaki peke yake hadi jioni. Kwenye ramani nilikuwa nimeshaona atakapokaa: upande wa dirisha, anakoweza kuwaona watoto wakirudi shule. Lakini mkutano wa familia 18 siwezi kuushawishi kwa habari za mama yangu. Nahitaji hoja. Kikao ni Jumamosi.

Mkazi wa Zamani

Ndugu, kateni. Nimeishi miaka sita kwenye jengo lenye ukumbi wa pamoja. Ufunguo alikuwa nao mwenyekiti. Ukiutaka, unampigia simu. Akiwa safarini, basi. Viti vilipangwa kimoja juu ya kingine, vumbi juu yake, na kila mwezi tunachangia umeme wa chumba hicho. Bora kila mtu angepewa kibaraza kikubwa.

Rula na Penseli

Mkazi wa Zamani, samahani, huo ukumbi ulikuwa upande gani wa jengo?

Mkazi wa Zamani

Nyuma kabisa, ukishapita maegesho.

Rula na Penseli

Nilihisi hivyo. Mimi ni msanifu majengo, na ukumbi wa namna hiyo huwa unakufa siku ramani inapochorwa. Mtu haendi mahali pa pamoja kwa kukusudia. Anapita, anaona taa inawaka na jirani ameketi, naye anaingia dakika tano. Kwa hiyo Tofali Moja, kabla ya kutetea ukubwa, tetea mahali. Njia ya kutoka getini kwenda kwenye ngazi ipite mbele ya ukumbi, na ukuta wa upande huo uwe na dirisha pana. Chumba cha kufulia kiwe jirani yake, mlango unaotazama ua, kwa sababu kufua ni kazi ya kila mtu na ina muda wa kusubiri. Kamba za kuanikia ziwe hapohapo uani penye jua.

Sasa hesabu. Kila fleti ikitoa mita za mraba 3 tu, mnapata 54. Huo ni ukumbi wa kutosha. Na mita 3 ndiyo nafasi ambayo kila familia ingetumia kwa mashine yake ya kufulia na ndoo zake. Vyumba vya wageni ni vilevile: kila familia ikijiwekea kimoja cha mita 9, ni mita 162 zinazokaa tupu karibu mwaka mzima. Viwili vya pamoja ni mita 18.

Halafu nikuulize: maegesho mmepanga ya magari mangapi? Gari moja, ukihesabu na njia ya kugeuzia, linameza karibu mita za mraba 25. Kule Barcelona kuna jengo la ushirika liitwalo La Borda, fleti 28, lilikamilika 2018. Wenyewe walifuta maegesho ya chini ya ardhi, wakabaki na jiko la pamoja, chumba cha kufulia na sehemu ya wageni. Ua wao wa katikati una paa linalopitisha mwanga: majira ya baridi linatunza joto, kiangazi wanalifungua hewa ipande. Ua ukipangwa vizuri unapunguza bili ya kila fleti inayouzunguka. Nawaomba sana, ua wenu msiuguse.

Dada wa Daftari

Msanifu amemaliza upande wa ramani. Mimi naongezea pesa, maana nimekuwa mweka hazina wa ushirika. Mwulizane mapema: mwanachama akiondoka anauza nini? Akiuza fleti kwa bei ya soko, baada ya miaka kumi nafuu yenu imekwisha na jirani mpya hajui kwa nini kuna ukumbi. La Borda jengo ni la ushirika, mkazi ana haki ya kutumia tu, na ardhi wamepangishwa na manispaa kwa miaka 75. Leeds, Uingereza, kuna LILAC, nyumba 20: kila kaya inalipa asilimia 35 ya kipato chake halisi, na ushirika ndio mmiliki. Na fungueni mfuko wa matengenezo mwezi wa kwanza, msingoje pampu iharibike.

Jirani Mwema

Swali la jiko. Je, kila fleti ina jiko lake? Isipokuwa nalo, watu watagombana. Sættedammen ya Denmark, makazi ya pamoja ya tangu 1972, ina nyumba 27 na kila moja inajitegemea. Kula pamoja ni hiari. Mtu aliyechoka awe na haki ya kufunga mlango wake bila kuulizwa.

Tofali Moja

Nimerudi, wakuu. Nilichapisha hesabu ya mita 3 kwenye karatasi na kuwagawia. Maegesho yamepungua kutoka 18 hadi 6, na hapo ndipo sehemu kubwa ya pengo ilipozibika. Ukumbi umebaki na umehamia mbele, karibu na geti. Chumba cha wageni kimebaki kimoja. Jiko kubwa limeahirishwa, ila mabomba yatapitishwa sasa ili baadaye tusivunje sakafu. Kila fleti ina jiko lake. Suala la kuuza limepewa kamati ya watu watatu, na Dada wa Daftari nitakutafuta.

Mkazi wa Zamani, habari yako niliisoma mbele ya kikao. Tumekubaliana ukumbi uwe na funguo 18.

Mkazi wa Zamani

Hapo sawa. Ongezeni na wa 19, wa mama.