Hesabu mbili, ziwa moja: niandike ipi ya bata wa Bisina?

AfandeMstaafu_Kumi

Habari zenu wandugu. Nilitoka jeshini nikarudi nyumbani upande wa Kumi, mashariki mwa Uganda, na huu ni mwaka wa tatu nahesabu ndege wa maji Ziwa Bisina kila Januari. Sikusomea ndege. Nilikuwa napeleka wageni kwa mtumbwi kuwaona wale bata wadogo wa kwenye mayungiyungi, dume mdomo wa manjano, na mgeni mmoja akaniachia darubini yake. Tangu hapo sijaacha.

Shida ni hii. Jumamosi tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na kijana wa dada yangu, kila mtu na mtumbwi wake na daftari lake. Mbele yetu kundi moja kubwa: bata miluzi, bata bukini weusi wenye mwiba kwenye bawa, na katikati yao wale wageni wadogo wanaokuja kutoka Ulaya na Asia, dume ana mstari mweupe juu ya jicho kama umechorwa kwa chaki. Mimi nilipata 480. Kijana akapata 910. Kundi lilelile, maji yaleyale.

Wiki mbili zijazo kuna mkutano wa gombolola (kaunti ndogo yetu) kuhusu upande mmoja wa kinamasi ambao watu wanataka kulima mpunga. Wameniomba nilete namba. Kijana anasema tukate katikati tuandike 695. Moyo wangu unakataa. Ukiwa na ripoti mbili za doria hukati katikati, unarudi kuangalia. Lakini ndege hawamsubiri mtu. Niandike ipi?

DadaWaLutembe

Afande, pole na kazi. Tafadhali usikate katikati. 695 ni namba ambayo hakuna mtu aliyeiona. Andika zote mbili, kila moja na jina la aliyehesabu, saa, alikuwa upande gani wa kundi, na jua lilikuwa mbele yake au mgongoni. Hilo la jua si dogo. Aliyetazama kuelekea mashariki saa moja asubuhi anaona vivuli tu juu ya maji yanayong'aa, na bata aliyejificha nyuma ya jani la yungiyungi hamwoni kabisa. Wewe ulikuwa upande gani?

Mimi nahesabu ghuba ya Lutembe, hapa Ziwa Victoria. Msimu wa wageni, buabua wenye mabawa meupe wanatua kwenye visiwa vya mafunjo mpaka unadhani mtu amemwaga unga. Pale huwezi kuhesabu mmojammoja. Unahesabu kumi kwa makini, unashika machoni nafasi wanayochukua hao kumi, unaipanua mpaka upate mia, halafu unatembea na hiyo mia kama kipimo kutoka kushoto kwenda kulia. Kosa nililofanya miaka miwili nzima ni kutumia mia moja hiyohiyo kwa kundi zima. Ndege wa mbele wameachana, wa nyuma wanaonekana wamebanana, kwa hiyo mia ya nyuma ni kipande kidogo zaidi machoni. Sasa natengeneza kipimo kipya kila ninapohamia safu nyingine.

Na fanyeni zoezi la maharagwe. Jioni mtu mwingine amwage maharagwe kwenye ungo, nyinyi wawili mtazame sekunde tano, kila mtu aandike bila kumwonyesha mwenzake, kisha hesabuni moja moja. Mara yangu ya kwanza niliandika 200, yalikuwa 340. Wengi wetu kundi likikua jicho linapunguza. Ukirudia wiki nzima utalijua jicho lako, na la kijana pia.

Jambo jingine: usilete namba moja ya "bata". Bata miluzi ni wenyeji, utawakuta hata Julai. Tenganisha kila aina. Bisina iko kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu, tangu 2006, na kipimo kimojawapo cha mkataba ule ni ziwa kubeba asilimia 1 ya ndege wote wa jamii fulani. Ukiwachanganya, kipimo hicho hakitumiki tena.

MtotoWaTororo

Mzee, nimefurahi kusoma haya nikiwa mbali. Niko Scotland kwa masomo, na Oktoba nilienda na watu wa hapa kuhesabu bata bukini wenye miguu ya waridi. Wanazaliana Iceland na Greenland, wakishuka kusini wanapumzika kwenye maziwa ya huku. Hesabu hiyo imekuwa ikifanywa tangu 1960.

Tulifika kwenye maji kabla hakujapambazuka, baridi inauma masikio. Mchana ndege hao wametawanyika mashambani kula mabua na nyasi, huwezi kuwapata wote, ila usiku wanarudi kulala majini. Kwa hiyo unawasubiri wanapoondoka. Tulikuwa wanne, kila mmoja amepewa upande wake wa anga. Kwanza unasikia kelele gizani, halafu mstari wa kwanza unatoka, halafu kumi kwa pamoja. Unahesabu kila mstari na kuandika saa, kwa sababu mistari inayopita mpakani mwa pande mbili inahesabiwa na watu wawili, na baadaye saa ndiyo inayowaumbua. Na vituo vyote nchini vinahesabu siku zilezile au zinazokaribiana, ili ndege asihesabiwe hapa leo na kule wiki ijayo.

Huko kwetu bata bukini wenye mwiba nao wanaruka asubuhi kwenda kula. Jaribu kuwahi nusu saa zaidi, ukae wanapopitia. Pengine wale 910 na 480 ni kundi moja kabla na baada ya wengine kuruka.

AfandeMstaafu_Kumi

Asanteni sana. Dada, nimeona aibu: jua lilikuwa usoni mwangu. Kijana alilipa mgongo. Na Mtoto wa Tororo, ni kweli, yeye alimaliza mapema, mimi nilikuwa bado naandika, furukombe akapita na nusu ya kundi ikainuka. Sikuanza upya. Ilinipasa kuanza upya.

Maharagwe tumefanya siku nne. Mimi napunguza kila siku. Kijana anazidisha kidogo.

FundiHesabu_Mbale

Ongezeni jambo hili, ni rahisi. Kaeni mtumbwi mmoja, mwingine apige kasia, nyote wawili mtazame upande uleule, msiambiane kitu. Kila mtu aandike vikundi anavyoviona na mahali vilipo. Mwishoni linganisheni. Tuseme wewe umeona vikundi 20, kijana 15, na 12 mmeviona wote wawili. Zidisha 20 kwa 15, gawanya kwa 12, unapata 25. Kwa pamoja mliona 23, maana yake kuna kama viwili vilivyowapita nyote. Ni ndugu wa hesabu ambayo Frederick Lincoln aliifanya Marekani mwaka 1930, akikadiria bata wa bara zima kwa pete za miguuni.

La pili ni zito zaidi kwa mkutano wako. Ziwa la kupumzikia ni kama stendi ya basi. Ukihesabu watu waliopo saa nne, hujahesabu abiria wa siku nzima. Tuseme kila siku kwa siku 40 unakuta bata wageni 300. Hizo ni siku-bata 12,000. Kama kila bata anakaa siku 10 kisha anaendelea, ziwa limehudumia bata 1,200, ingawa hukuwahi kuona zaidi ya 300 kwa mara moja. Muda wa kukaa unajulikana kwa ndege waliotiwa alama tu, kwa hiyo usiandike 1,200 mkutanoni. Andika 300 uliowaona, na uwaeleze wazee mfano wa stendi. Wataelewa upesi kuliko wataalamu wengi.

AfandeMstaafu_Kumi

Mfano wa stendi nimeuchukua. Nimeongea na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, amekubali mkutano usogee siku tatu. Kesho tunatoka saa kumi na moja alfajiri, mtumbwi mmoja, jua mgongoni. Kijana amechora daftari upya: safu moja kwa kila aina, safu ya saa, na safu ya "wameruka, tumeanza upya". Zile 480 na 910 nitazipeleka pia, zote mbili, na jina la kila mmoja wetu pembeni. Tukirudi nitaziweka hapa.