Naombeni ushauri: blubeli kivulini, Kabale (Uganda)

Kigezi_Baridi: Wakuu, heshima zenu. Bustani yangu hupata jua la asubuhi tu. Nataka kupanda blubeli, yale maua ya bluu ya misitu ya Uingereza. Samadi nichanganye kiasi gani?

BibiMaua: Kivuli cha mti gani, mwanangu?

Kigezi_Baridi: Ovakado.

BibiMaua: Ndiyo shida. Blubeli huwahi kuchanua Aprili na Mei, miti ya kwao haijafunga majani, jua bado linafika chini. Ovakado yako ina majani mwaka mzima. Na tunguu lake linataka baridi ya wiki nyingi mfululizo. Baridi ya Kabale hututetemesha sisi tu.

Tuliza_Boli: Umenikumbusha baba mkwe. Ana matufaha hukohuko Kabale. Kwa kuwa hatuna kipupwe, huyapukutisha majani kwa mkono, mti mmoja baada ya mwingine, ili yachanue. Mimi ndiye niliyeshika ngazi, kiuno hakijapona. Sasa blubeli utapukutisha nini, ssebo?

Mzalendo256: Mnadharau vya kwetu. Kuna Scadoxus, ule mpira mwekundu unaochomoza kivulini mvua zikianza. Nenda kachimbe. Ila mbuzi asiule, una sumu.

BibiMaua: Kigezi, mbona unauliza kama mtu aliyekwisha kununua?

Kigezi_Baridi: Matunguu 200, bibi. Yako kwenye friji ya shemeji tangu Juni, baridi yanaipata. Bustani ni ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, kanilipa nusu, nikalipia karo. Nimemwahidi blubeli, siwezi kumpelekea mpira mwekundu.

Tuliza_Boli: Kibali cha kuingiza mimea unacho?

BibiMaua: Humo kwenye friji mna nini kingine?

Kigezi_Baridi: Maziwa. Na bogoya.

BibiMaua: Toa hizo ndizi sasa hivi! Tunda likiiva hutoa gesi. Tulipu zikiivuta, ua hufia ndani ya tunguu. Zako sizidhamini.

Mzalendo256: Hii chai. Mwezi jana huyuhuyu alikuwa anatafuta soko la kambare. Na shemeji gani anakuachia friji tangu Juni? Tupia picha.

Kigezi_Baridi: Kambare ni wa kaka yangu, tunatumia akaunti moja. Picha nitaweka, simu iko asilimia 4. Umeme haupo tangu juzi.

Tuliza_Boli: Tangu juzi? Na friji je?