Mrejesho: mtoto aliyeamka na fujo baada ya nusukaputi

Wadau, niliwauliza kuhusu mwanangu wa miaka 4: alipotolewa ngiri hapa Mtwara aliamka akipiga mayowe, anarusha mateke, hanitambui. Bibi yake wa Mikindani akakata shauri kuwa ni shetani. Asanteni mlioniambia nimweleze mtaalamu wa usingizi kabla ya upasuaji wake wa pili, wa mafindofindo.

Nilimweleza, wala hakushtuka. Kumbe hali hiyo huwapata sana watoto wa miaka 2 hadi 5, hasa wakivutishwa gesi ya usingizi kama sevofluraini, na upasuaji wa koo huzidisha. Ubongo unaamka nusunusu; mara nyingi hali hutulia yenyewe ndani ya nusu saa. Ila kwanza wahakikishe si maumivu wala upungufu wa oksijeni, maana hayo hayasubiri.

Safari hii akapewa dawa ya maumivu mapema na propofoli (dawa ya usingizi ya mshipani) kidogo mwishoni, nami nikaruhusiwa kuwa pembeni anapozinduka. Alilia kiasi, akataka kung'oa kanula (kimpira cha dripu mkononi), nesi akaufunika ule mkono kwa kiganja chake bila kumkemea. Baada ya muda: "Mama, maji."

Koo bado linamuuma, anakunywa uji uliopoa tu.