Nisubiri maonyesho ya Juni au ninunue mashine sasa? Nintendo Direct, State of Play na Xbox Games Showcase: lipi la kutegemea?

Mwenye Fremu
Wanajukwaa, salamu kwenu. Nimeweka akiba ya kununua mashine moja mpya ya gemu, nami nimekwama kati ya PlayStation 5, Xbox Series X na Nintendo Switch 2. Shemeji yangu ananisihi nisitoe hata shilingi mpaka maonyesho ya mtandaoni ya Juni yapite, kwa hoja kwamba huko ndiko kampuni zinakotangaza gemu zijazo, na kwamba kununua kabla ya kuyatazama ni sawa na kutoa mahari kabla ya kumwona mchumba. Mimi sijawahi kuyafuatilia kwa utaratibu. Hunifikia vipande vipande kwa WhatsApp, watu wakiwa wameshavikata na kuvibandikia muziki wao. Naomba wazoefu mnilinganishie: ni onyesho la kampuni ipi ambalo mtu akilitazama anaweza kuamua mahali pa kuweka fedha zake?

Kipanga wa Tanga
Ndugu, kabla hatujakujibu, tujibu wewe kwanza. Mashine ni ya sebuleni au ya biashara? Watakaocheza ni watoto au watu wazima, mmoja mmoja au kwa makundi? Intaneti unayotumia ni ya kulipia kwa mwezi au ni bando la simu? Televisheni uliyonayo ni ya aina gani, na akiba yenyewe ni kiasi gani? Bila hayo utapata majibu ya ushabiki, na washabiki nawaona wanakuja.

Binti Kisauni
Ushabiki siukatai, ila nina sababu. Nintendo ndiyo iliyoupa nguvu mtindo huu. Nintendo Direct ya kwanza ilirushwa tarehe 21 Oktoba 2011, na marehemu Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa kampuni, alikuwa akizungumza mwenyewe na mtazamaji kupitia kamera, bila jukwaa, bila makofi na bila mwandishi wa habari katikati. Mwaka 2013 kampuni hiyo iliacha mkutano wake mkubwa wa ukumbini katika E3, maonyesho makubwa ya gemu kule Los Angeles, ikatumia video hizo badala yake, na wengine wote wakafuata baadaye. Kinachonifanya niziamini ni ufupi wa safari kati ya tangazo na duka. Gemu nyingi zinazoonyeshwa hutoka ndani ya miezi michache, na nyingine hutoka siku hiyohiyo, kama Metroid Prime Remastered, iliyotangazwa tarehe 8 Februari 2023 na kuanza kuuzwa mtandaoni kabla watazamaji hawajamaliza kubishana. Tena mara nyingi huanza jioni, saa 10 au saa 11 kwa saa zetu, kwa hiyo unatazama ukiwa na chai yako badala ya kukesha.

Mzee wa Pedi
Binti Kisauni, umemtaja Metroid mmoja ukamruka ndugu yake kwa makusudi. Metroid Prime 4 ilitangazwa Juni 2017 kwa jina na namba peke yake. Hapakuwa na hata sekunde moja ya uchezaji. Januari 2019 kampuni ikatoa video ya kukiri kwamba kazi imeanza upya na kukabidhiwa studio ya Retro Studios. Gemu ilitoka tarehe 4 Desemba 2025. Mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo alikuwa yuko darasa la pili.

Mimi natetea State of Play, onyesho la PlayStation lililoanza Machi 2019, mwaka uleule ambao PlayStation ilisusa E3 kwa mara ya kwanza. Ni fupi, haina mizaha ya watangazaji, na hukuonyesha gemu ikichezwa. Tazama ile ya tarehe 30 Mei 2024, ambayo kwetu ilikuwa imeshaingia 31 usiku wa manane. Ilitangaza Astro Bot, ikataja tarehe 6 Septemba, na tarehe 6 Septemba gemu ikawa dukani. Mwisho wa mwaka ilitwaa tuzo ya gemu bora katika The Game Awards.

Binti Kisauni
Shahidi wako amekugeuka, Mzee. Onyesho hilohilo liliipa gemu nyingine, Concord, nafasi ya heshima, kwa muda mrefu na kwa picha safi. Concord ikatoka tarehe 23 Agosti 2024, wachezaji hawakuja, na ilipofika tarehe 6 Septemba, yaani siku ileile Astro Bot ilipoingia sokoni, ikazimwa na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Kwa hiyo mtu aliyekesha usiku ule alionyeshwa gemu bora ya mwaka pamoja na gemu iliyoishi wiki mbili, zote mbili kwa mbwembwe zilezile, na hapakuwa na kitu chochote ndani ya onyesho cha kumsaidia kuzitofautisha.

Mwenye Fremu
Nashukuru kwa majibu, na naomba radhi kwa kuacha mambo. Mashine ni ya biashara. Nina fremu ndogo ya gemu karibu na shule ya sekondari, vijana wanalipia kwa mechi au kwa nusu saa, na tuna PlayStation 4 mbili ambazo pedi zake zimechoka. Wengi wanacheza mpira. Sasa nataka mashine moja itakayovuta watu kutoka kibanda cha jirani.

Kipanga wa Tanga
Kumbe! Hilo ulipaswa kuliandika katika sentensi ya kwanza. Ikiwa wateja wako ni wa mpira, maonyesho ya Juni hayakuhusu sana, kwa sababu gemu ya mpira ya kampuni ya EA haihitaji utabiri: huja kila mwaka kuelekea mwisho wa Septemba, kama ilivyokuja ilipokuwa ikiitwa FIFA na kama ilivyoendelea kuja baada ya kubadilishwa jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023. Hata Switch 2 imepata yake. Onyesho litakuambia kuhusu joka lenye mabawa saba, nawe kijana wako anataka kuifunga Real Madrid kabla kengele ya shule haijalia.

Fundi Waya
Mwenye Fremu, mimi nilikuwa na biashara kama yako, na nakusimulia jambo hili ili usilirudie. Gemu siitaji, kampuni siitaji, wala mfanyabiashara aliyeniuzia simtaji.

Mwaka mmoja nilitazama onyesho la Juni usiku, nikaona kionjo cha gemu ya kupigana mitaani kilichoniacha mdomo wazi. Mvua ilikuwa ikinyesha, taa zikimetameta katika madimbwi, na watu mamia wakikimbia sokoni kila mmoja kwa namna yake. Kesho yake nilikipakua kionjo kile, nikakiweka katika televisheni inayotazama barabara, kikawa kinajirudia tangu asubuhi hadi jioni. Vijana wakajaa mlangoni. Nikawaambia kwamba atakayetoa kishika uchumba cha shilingi 10,000 atakuwa wa kwanza kucheza na atapewa saa tano bila malipo. Kumi na wanne walitoa. Fedha ile nikaiongezea yangu na kumpa mfanyabiashara aniagizie diski mapema.

Kwanza tarehe ikasogezwa miezi miwili. Nikawatuliza vijana kwa maneno. Kisha ikasogezwa tena, na safari hii alikuja mama mmoja, akaketi katika kiti cha kuchezea, akaniuliza kwa upole kabisa ni mchezo gani huo ambao mwanawe ameulipia na haupo. Nilirudisha fedha za sita kutoka katika kodi ya fremu. Diski ilipofika hatimaye, ikadai kupakua zaidi ya gigabaiti 50 kabla ya kuanza, nami nilikuwa ninatumia bando la simu, hivyo nikatumia usiku tatu kuifikisha. Siku ya ufunguzi vijana walikaa kimya dakika kumi, halafu mmoja akauliza, «Soko liko wapi?» Soko lilikuwapo, lakini lilikuwa na watu wanane na mvua hainyeshi. Nilikirudia kionjo nyumbani, nikasimamisha picha, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za mkataba wa mkopo, paliandikwa kwamba kilichoonyeshwa huenda kisifanane na gemu kamili.

Mzee wa Pedi
Pole sana, Fundi. Ila hapo kosa ni la kukusanya fedha za watu kwa kutegemea kionjo, si la mtindo wa maonyesho.

Fundi Waya
Kosa langu nimelikubali. Nauliza tu kwa nini herufi zile ni ndogo.

Daktari wa Kompyuta
Xbox imetajwa katika kichwa cha mada na hakuna aliyeigusa, kwa hiyo niruhusuni. Onyesho lao la Juni huanza saa 2 usiku kwa kawaida, na ndilo lililowahi kujifunga kwa ahadi inayopimika. Juni 2022 walisema kila gemu iliyoonyeshwa ingeweza kuchezwa ndani ya miezi 12. Zaidi ya hapo, Januari 2023 walianzisha Developer_Direct, ambapo watengenezaji wenyewe hueleza kazi yao kwa utulivu, na katika ile ya kwanza walitangaza Hi-Fi Rush na kuiachia siku hiyohiyo. Mwenye Game Pass, ule usajili wa kulipia wa Xbox, aliicheza bila kulipa nyongeza.

Kipanga wa Tanga
Daktari, ahadi ile ya miezi 12 iliijumuisha Hollow Knight: Silksong, ambayo ilitoka Septemba 2025. Hesabu miezi mwenyewe. Na Perfect Dark ilitangazwa Desemba 2020, ikaonyeshwa ikichezwa katika onyesho la Juni 2024, watu wakashangilia, kisha Julai 2025 ikafutwa pamoja na studio iliyokuwa ikiitengeneza. Mimi nilidhani ukishaiona gemu ikichezwa basi ipo. Kumbe hata hiyo si dhamana.

Daktari wa Kompyuta
Sikubishii. Lakini linganisha na zama za E3, iliyodumu tangu 1995 hadi ilipotangazwa rasmi Desemba 2023 kwamba haitarudi tena. Pale angalau waandishi wa habari walishika pedi kwa mikono yao na kutuambia kama gemu inakwama. Leo video inatengenezwa na muuzaji, inarushwa katika chaneli ya muuzaji, na hakuna mtu wa tatu chumbani. Hata Summer Game Fest, ambayo si ya kampuni yoyote ya mashine, huuza dakika zake: iliripotiwa mwaka 2024 kwamba sekunde 60 ziligharimu dola 250,000. Ukijua hivyo, unatazama kila kionjo kama unavyotazama bango la barabarani.

Binti Kisauni
Waandishi walishika pedi, ni kweli, lakini walishika sehemu iliyoandaliwa kwa ajili yao. Cyberpunk 2077 ilisifiwa na waliohudhuria E3 ya 2018, na Desemba 2020 Sony, wenye PlayStation, ikaiondoa katika duka lake la mtandaoni kwa sababu ya hali yake, ikairudisha Juni 2021. Ukumbi haukumwokoa mtu.

Hata hivyo nikiri jambo moja dhidi ya upande wangu, kwa kuwa Mwenye Fremu ni mfanyabiashara. Katika Nintendo Direct ya tarehe 2 Aprili 2025 iliyoieleza Switch 2 kwa takriban saa nzima, bei haikutajwa. Watu walikwenda kuitafuta katika tovuti, wakakuta mashine ni dola 449.99 na Mario Kart World ni dola 79.99 kwa toleo la kidijitali. Waliofuatilia matangazo ya mubashara ya Nintendo ya siku iliyofuata walijaza maoni wakidai bei ishushwe.

Mzee wa Pedi
Na gemu inayosubiriwa kuliko zote, GTA VI, kionjo chake cha kwanza cha Desemba 2023 hakikupita katika onyesho lolote. Watengenezaji wake, Rockstar, waliweka video katika chaneli yao, tena mapema kuliko walivyopanga kwa sababu ilivuja. Tangu hapo tarehe imesogezwa zaidi ya mara moja. Mwenye Fremu, itakapotoka itakuwa katika PS5 na Xbox Series, nawe unajua vijana wako watafanya nini.

Mwenye Fremu
Nimesoma yote, na ya Fundi Waya nimeyasoma mara mbili. Nadhani nitayatazama ya Xbox kwa kuwa saa 2 usiku fremu bado iko wazi, na hayo ya usiku wa manane nitayaacha kwa shemeji. Kuhusu kununua, naona PS5 inanivuta kwa sababu ya mpira, ingawa jirani naye nasikia anaagiza hiyohiyo, na hilo ndilo linalonirudisha kwenye Switch 2.

Kipanga wa Tanga
Hadi sasa hujatuambia akiba ni kiasi gani wala televisheni ni ya aina gani.