Naomba ushauri: nichukue Samsung S24 Ultra au S25 Ultra? Shida yangu ni kalamu

Wino Mkavu
Wakuu habari zenu. Nimetumia simu za kalamu tangu ile Note ya kwanza ya 2011, ya kioo cha inchi 5.3, enzi ambazo watu walikuwa wanatucheka kwamba tumeweka kigae sikioni. Kazi yangu ni kuchora mitindo ya nguo, halafu najirekodi nikionyesha namna ya kukata kitambaa. Simu naisimamisha mbali, nabonyeza kitufe cha kalamu, kamera inaanza. Miaka yote nimefanya hivyo, siwezi kubadilika uzeeni.

Sasa nimekwama kati ya S24 Ultra na S25 Ultra. Hii ya pili ina inchi 6.9, ni nyepesi kidogo, na pembe zimeviringwa kwa hiyo hazichomi kiganja. Wajuzi, ipi ina kalamu nzuri? Leo siku ya tatu sipati usingizi. Natanguliza shukrani.

Kidole Kimoja
Siku tatu hulali kwa ajili ya kalamu? Mimi hata ya wino nikipoteza nalala.

Mzee wa Kava
Usinunue yoyote kati ya hizo. Mimi niko na Note20 Ultra mpaka leo, inchi 6.9 hizohizo, na memori kadi inaingia. Hizi za baadaye walivyoondoa tundu la kadi nikasema basi, tumeachana. Nina picha za wajukuu tangu wanazaliwa, nitaziweka wapi? Mkubwa sasa anasoma, juzi alichukua kalamu akamchorea babu yake pembe. Nikaihifadhi, ikaingia kwenye kadi na nyingine.

Binti Mchoraji
Babu tumekusikia. Mleta mada, kwa kuchora hutajuta na yoyote, zote zinahisi ukikandamiza na ukilegeza mkono, mstari unanenepa na kukonda. Ninachokipenda kuliko vyote: kioo kikiwa kimezima ukichomoa kalamu unaandika hapohapo kwenye weusi. Wazo la saa nane usiku halinipotei. Ncha ikilika unaing'oa kwa kibanio, unachomeka nyingine. Ila kaa mbali na kava za sumaku, kuna sehemu ya kioo kalamu itakuwa inaruka ukadhani mbovu.

Fundi Kimya
Mnajibu maswali ambayo hakuuliza. Kazi yake ni kurekodi kwa mbali. Kalamu ya S25 Ultra haina Bluetooth. Inaandika vizuri vilevile, lakini kitufe hakiwashi kamera ukiwa umesimama kule. Kuandika hakujawahi kuhitaji betri: chini ya kioo kuna tabaka la nyaya linalotoa uga wa sumaku, koili iliyo ndani ya kalamu inavuna nguvu humohumo na kujibu. Betri ilikuwa ya hayo mambo ya mbali, ndiyo waliyoitoa. Chukua S24 Ultra, uzi ufungwe.

Wino Mkavu
Ahsante Fundi, ila nadhani kuna matoleo tofauti. Hii S25 Ultra ninayoiangalia, kalamu yake inapiga picha kwa mbali, nimethibitishiwa. Na memori kadi inaingia pia, Mzee wa Kava atafurahi.

Fundi Kimya
Hakuna toleo hilo. Memori kadi iliondoka kwenye S21 mwaka 2021 na haijarudi. Nani amekuthibitishia?

Wino Mkavu
Muuzaji. Mtu tu nimempata mtandaoni, tunaongea.

Binti Mchoraji
Mnaongea, au umeshatuma kitu?

Wino Mkavu
Nimetuma nusu. Jamani msinirukie. Mtu mwenyewe ana heshima, kila asubuhi ananitakia siku njema. Ametuma picha ya boksi, na fremu ni ya titani kabisa, inaonekana. Nusu nyingine namalizia ijumaa. Nilichouliza mimi ni kalamu, sio muuzaji.

Kidole Kimoja
Titani inaonekana kwenye picha! Mkuu una macho ya sonara. Umepigwa.

Ndugu Mnyoofu
Tamaa ya vitu vikubwa ndiyo inayotumaliza. Simu ya kawaida inapiga, inapokea, inatosha. Naomba nikuulize ndugu yangu, hiyo pesa ni yako yote?

Wino Mkavu
Kuna kidogo ya dada yangu. Anajua nanunua kompyuta. Lakini simu hizi ukiziunganisha na skrini kubwa zinafanya kazi kama kompyuta, kwa hiyo sio uongo moja kwa moja.

Ndugu Mnyoofu
Sio uongo moja kwa moja. Haya.

Jicho la Tatu
Nimesoma kimya tangu juu. Wakuu, hii ni chai. Jamaa anasema tangu 2011 anabonyeza kitufe cha kalamu, kamera inaanza. "Miaka yote." Bluetooth kwenye kalamu iliingia na Note9, mwaka 2018. Hiyo miaka saba kabla alikuwa anabonyeza nini? Mtu aliyetumia kalamu hizi miaka yote angejua. Anatupima akili, au yeye ndiye muuzaji anatafuta wateja.

Kidole Kimoja
Duh. Na mimi nilishaanza kumhurumia.

Mzee wa Kava
Kweli, kwenye zile za kwanza kitufe kilikuwa cha kufungulia menyu na kukata picha ya kioo. Kamera ya mbali hapana.

Wino Mkavu
Sio chai. Sijawahi kumiliki. Ya 2011 ilikuwa ya bosi wangu, akienda kula ananiachia nachora. Baadaye akanunua Note9, ndiyo ilikuwa inaturekodi. Nimeacha kazi kwake mwezi uliopita, nataka yangu. Nilisema miaka yote ili mnijibu kama mtu anayejua.

Jicho la Tatu
Hapo nakuelewa. Kwa hiyo hata feki ukishika huijui.

Fundi Kimya
Basi acha kutuma. Mpigie kwa video sasa hivi, usikubali video iliyorekodiwa. Mwambie asogeze ncha ya kalamu karibu na kioo bila kugusa, nafasi kama nusu sentimita. Kwenye simu halisi kidoti kinatokea kabla ya kugusa na kinamfuata. Feki nyingi hazina lile tabaka la nyaya, kalamu yao ni kama kidole cha mpira. Halafu achukue kalamu hiyo aandikie simu nyingine ya kawaida. Ikiandika huko, umeshapata jibu, maana ya kweli haiandiki kwenye simu isiyo na hilo tabaka.

Wino Mkavu
Na kidoti kikitokea namalizia?

Fundi Kimya
Kikitokea rudi hapa kwanza.

Wino Mkavu
Nimempigia. Amepokea kwa sauti tu. Anasema yuko tayari kabisa kunionyesha ila kamera ya simu anayotumia imeharibika.

Binti Mchoraji
Anayoiuza ina kamera nne nyuma na moja mbele. Apige kwa hiyo.

Wino Mkavu
Ngoja nimwambie.

Mzee wa Kava
Na tundu la kadi akuonyeshe liko wapi, nataka kuliona.